Aliyeshiba Anamjua Mwenye Njaa

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Pembeni mwa barabara hiyo kuna bango ambalo abiria wengi wamelisoma, hata wale ambao hawasomi kitu safarini. Limeorodhesha wanyama, na mbele ya kila mnyama kuna faini, kwa dola za Marekani, atakayotozwa dereva akimgonga. Ndani ya basi hakosekani mtu wa kupiga hesabu kwa sauti: huyu ukimgonga unauza gari, yule unauza na nyumba. Watu wanacheka, basi linapunguza mwendo, safari inaendelea.

Kuna orodha nyingine ya bei ambayo haikuwekwa barabarani. Imo katika kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, na inahusu ajali ya upande wa pili, pale mnyama anapomdhuru mtu. Kanuni hizo ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa. Mazao yalihesabiwa kwa ekari, hesabu ikaishia ekari 5, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikuhesabiwa kabisa. Malipo hayo hayaitwi fidia. Kwa Kiswahili cha ofisi yana majina mawili: kifuta machozi, kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho, kwa aliyeliwa mazao au mifugo.

Sidai kwamba orodha hizi mbili zilingane. Faini ni adhabu kwa dereva, malipo ya mkulima ni jambo jingine, na kila moja ina sababu zake kisheria. Ninachotaka ni kusoma maneno, maana hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Fidia hudaiwa. Kifuta machozi hupewa. Anayedai fidia ana haki mkononi na kuna mtu wa kumjibu. Anayefutwa machozi ana machozi tu, na anayemfuta ni mwema. Neno limekwisha kuamua nani ana deni kabla mtendaji wa kijiji hajafungua faili. Viwango vinaweza kupandishwa, na mjadala wa kuvipandisha hurudi bungeni mara kwa mara, lakini hata vikipanda neno linabaki lile lile.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha kitu ninachokiona kila tunapozungumzia walionacho na wasionacho. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Methali hiyo hutumiwa kama lawama kwa aliyeshiba. Mimi naiona ni utetezi wake. Inamwambia kwamba tatizo lake ni kutojua tu, na asiyejua hana la kujibu. Tena inamtwisha mwenye njaa kazi ya ziada: aieleze njaa yake vizuri, kwa ushahidi, kwa sauti ya kugusa moyo, mpaka aliyeshiba aelewe. Hoja yangu ni kwamba aliyeshiba anajua. Anajua kwa sababu anapita hapo hapo, ananunua hapo hapo, ameajiri dada wa kazi kutoka hapo hapo. Kinachokosekana ni mahali ambapo yeye ndiye anaulizwa.

Nitaisoma hoja hii kupitia wilaya ya Kilosa, ambamo mji wa Mikumi umo. Huko ndiko kwetu. Pia ni wilaya inayohusiana na wasanii wawili waliolifikiria suala hili kuliko wengi, mmoja kwa tamthilia na mwingine kwa rap.

Tuanze na msamiati. Kijana wa Kitanzania aliyesoma, akitaka kuelezea nafuu aliyozaliwa nayo, hana neno la Kiswahili linalomjia haraka. "Upendeleo" linamtaja anayependelea, si anayefaidika. "Fursa" limegeuka kuwa neno la semina, kitu kinachochangamkiwa na wajanja na kupitwa na wazembe. Yanabaki maneno ya baraka: nimebahatika, nimejaliwa, Mungu ni mwema. Sina ugomvi na shukrani. Lakini nafuu ikiitwa bahati, basi haina historia, na isiyo na historia haina maswali. Hata wimbo wa Professor Jay wa "Zali la Mentali", uliochezwa mno miaka ya mwanzo ya 2000, unasimulia maskini anayependwa na mwanamke mwenye nazo. Zali ni bahati. Tuliupenda kwa sababu ulitupa njia pekee ya kuvuka pengo ambayo haimtaki mtu yeyote ajieleze.

Haikuwa hivi siku zote. Kizazi cha Azimio la Arusha kilikuwa na maneno mazito: unyonyaji, ubepari, kabaila, kupe, mirija. Azimio la mwaka 1967 halikuishia kwenye maneno. Liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Kwa mara moja katika historia yetu aliyeshiba aliulizwa, hadharani, kwa orodha. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo, na yale maneno mazito yakaenda kukaa kwenye vitabu vya historia vya sekondari. Leo kijana anayaandika kwenye mtihani na kuyaacha mlangoni.

Lakini hata maneno yale yalikuwa na udhaifu. Mnyonyaji alikuwa mtu mwingine siku zote: mlowezi, mwenye duka, bepari wa katuni mwenye tumbo kubwa. Sijawahi kusikia mtu akisema "sisi wanyonyaji". Lugha ya Ujamaa ilimpa mnyonge jina la kumwita mwenzake wa upande wa pili, ila haikumpa mwenye nafuu namna ya kujitaja bila kujiita mwovu. Kwa hiyo mtu wa kati, karani, mwalimu, bwana shamba, aliponea katikati ya maneno. Wengi tunaosoma magazeti kama haya tunatoka kwake.

Sasa turudi kwa Professor Jay, ambaye jina lake ni Joseph Haule. Mwaka 2001 alitoa albamu aliyoiita Machozi, Jasho na Damu. Liweke jina hilo karibu na majina ya malipo niliyotaja mwanzoni na utaona kwamba msanii na serikali walikuwa wakitazama mwili ule ule wa mtu wa chini. Mmoja anayataja yanayomtoka. Mwingine ameleta kitambaa.

Ndani ya albamu hiyo mna "Ndio Mzee". Mgombea yuko jukwaani, umati uko chini. Anaahidi, na ahadi zinazidi kukua mpaka zinavuka mipaka ya akili, huku umati ukiitikia kwa maneno mawili ambayo ndiyo jina la wimbo. Wengi tumeuzoea kama dhihaka dhidi ya mwanasiasa mwongo. Ukiusikiliza kwa makini, mwongo ndiye sehemu nyepesi ya wimbo. Sehemu nzito ni umati. Ahadi zile hazihitaji uchunguzi, kila aliyepo anajua hazitatimia. Basi kwa nini wanaitikia? Kwa sababu mkutano umepangwa hivyo. Mmoja ana kipaza sauti na wengine wana kiitikio. Kujua hakuwasaidii kitu, kwa kuwa hakuna kipengele cha maswali kwenye ratiba. Baadaye Professor Jay aliujibu wimbo wake mwenyewe kwa "Siyo Mzee", ambamo kuitikia kunageuka kuwa kukataa. Ni hatua mbele, ingawa kiitikio cha kukataa nacho bado ni kiitikio.

Mwaka 2015 mwenye wimbo huo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa mpaka 2020. Kupima ubunge wake si kazi ya makala hii. Kama msomaji, ninachokiona ni kwamba wapiga kura wa Mikumi walimpandisha jukwaani mtu aliyekuwa amewaonyesha, miaka 14 nyuma, jukwaa linavyofanya kazi. Hilo linasema kitu kuhusu wapiga kura wenyewe. Walikuwa wameuelewa wimbo.

Wimbo una pengo moja, na pengo hilo ndilo Kilosa yenyewe. Umati wa "Ndio Mzee" ni mmoja na una sauti moja. Mzee yuko juu, sisi tuko chini. Kilosa umati haujawahi kuwa mmoja.

Nenda upande wa kaskazini mwa wilaya, kwenye tambarare ambako reli ilipita enzi za Wajerumani na mkonge ukaifuata. Ardhi nzuri iligawiwa mashamba makubwa. Vibarua waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba. Baada ya Azimio, mashamba mengi ya mkonge nchini yakawa ya umma. Bei ya mkonge ilipoanguka, mengine yalidorora, mengine yakauzwa, mengine yakaachwa yakaota vichaka huku hati zikiwa hai mahali fulani mjini. Kiswahili cha ofisi kina jina la mashamba hayo: mashamba pori. Serikali imefuta hati za baadhi yake. Wakati huo huo, kandokando ya mashamba hayo, watu wa aina mbili walibanana kwenye ardhi iliyobaki: wanaolima na wanaofuga. Vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa viliandikishwa, vijiji vya wakulima vikapanuka, na mipaka kati yao ikawa ya kugombewa.

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38. Mwaka 2009 ilikuja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao wilayani. Mwaka huo huo watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha utafiti kuhusu mauaji ya Kilosa. Miongoni mwa mambo waliyoonyesha ni jinsi sera zilivyokipendelea kilimo kuliko ufugaji, na jinsi rushwa ilivyowafanya wananchi wapoteze imani kwa wale waliopaswa kuwaamua.

Sasa chukua maneno ambayo sisi wengine tumeyatumia kwa miaka yote hii: mgogoro wa wakulima na wafugaji. Yasome kama unavyosoma sentensi ya hadithi. Wahusika ni wawili, na wote wawili wana vumbi miguuni. Mwenye hati ya shamba pori hayumo. Ofisa aliyepokea cha kupokea pande zote mbili hayumo. Mwenye ng'ombe hayumo pia, kwa sababu kijana anayewachunga si lazima awe ndiye mwenye mali. Ni kichwa cha habari kilichotunga tamthilia na kuwaacha nje wahusika wenye nguvu. Nadhani kimedumu kwa sababu kinamfaa kila msomaji asiyekuwemo. Ukisoma kwamba wakulima na wafugaji wamepigana, unasikitika, unamwomba Mungu awasaidie wapatane, na wewe huna kesi.

Mtindo huu haukai kwenye magazeti tu. Angalia jinsi tunavyouzungumzia umaskini kijijini. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF, kaya zinatambuliwa kwa mkutano wa hadhara wa kijiji. Watu wanakaa chini ya mti, na majina yanatajwa. Fulani ana watoto wangapi, anakula mara ngapi kwa siku, bati lake likoje. Nia ni njema, kwamba fedha isiishie kwa ndugu wa mwenyekiti, na familia nyingi zimesaidika. Lakini tazama mkutano wenyewe kama onyesho. Umaskini una mkutano wake wa hadhara. Utajiri hauna. Viongozi wa umma hujaza fomu ya mali na madeni kwa mujibu wa sheria ya maadili ya mwaka 1995, ila fomu ile haisomwi chini ya mti.

Chuo kikuu ni vile vile. Anayeomba mkopo wa Bodi anaambatisha ushahidi wa shida yake: cheti cha kifo cha mzazi, sahihi ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya kaya ya TASAF kama ipo. Nimekaa na vijana waliojaza fomu hizo, nikawaona wanavyojifunza mapema kuiandika shida yao kwa lugha ambayo ofisi inaielewa. Ni uandishi wa kwanza wa maisha halisi ambao wengi wao wamewahi kufanya. Anayelipiwa ada na baba yake hajazi chochote. Anafika chuoni akiwa hana simulizi, na kutokuwa na simulizi ndiyo nafuu yake kubwa. Darasani tutasoma insha za yule wa kwanza kuhusu kutembea kilomita nyingi kwenda shule, tutatokwa machozi, na wa pili atakuwa miongoni mwa watakaopiga makofi.

Hapa ndipo namhitaji msanii wa pili. Penina Muhando, ambaye wengi wanamfahamu pia kama Profesa Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 Berega, katika milima ya Ukaguru. Tamthilia zake zimesomwa shuleni kwa miongo. Mwaka 1984 alichapisha Lina Ubani, na jina lenyewe tayari ni uhakiki. Methali inasema la kuvunda halina ubani. Ukubali uozo, ukae kimya. Yeye akaipindua kwa kuondoa silabi moja ya ukanushi. Nimejifunza kwake kwamba methali ni hoja ya mtu fulani, inaweza kupingwa, na jina la makala hii limetoka kwenye somo hilo.

Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo moja nzito. Wakikaribia, huyu anaitwa na shida yake, yule anavutwa na ya kwake, na nguzo haisimami. Ni picha ya umati usio mmoja, ile ambayo "Ndio Mzee" haikuwa na nafasi nayo. Wote ni wanawake, wote wanaitaka nguzo, lakini hawabebi mizigo sawa wanapofika pale. Tamthilia haiwalaumu. Inatutaka tuhesabu mizigo kwanza kabla ya kuuliza kwa nini umoja umeshindikana.

Mchango wake mkubwa kwa mada yetu, hata hivyo, uko nje ya vitabu. Tasnifu yake ya uzamivu, ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama njia ya kufundishana. Alirudi nyumbani kutafuta mbinu, jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake hawakulifanya. Miaka hiyo hiyo alishiriki na Amandina Lihamba na wenzao katika kazi ya Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayaigiza wenyewe, kisha wakayajadili. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari mbinu hizo hizo: watambue kinachowakwamisha, wakichambue, wakiigize mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao, na wapendekeze la kufanya. Baadaye mtandao wa FAWE uliupeleka mradi huo katika nchi nyingine za Afrika.

Tuseme ni kitenzi kizuri. Hakumwamuru mtu na hakumwombea mtu. Lakini kiambishi "tu" kinaweza kuficha. Nani yumo ndani yake? Kikiwa na wasichana peke yao, basi tumerudi palepale, aliyekwamishwa ndiye anaeleza na aliyemkwamisha ni mtazamaji. Kinachookoa mbinu ya Mlama ni ile hatua ambayo haipigwi picha, yaani mjadala baada ya igizo. Igizo likiisha, wasichana wanashuka na swali linapanda kwa watazamaji. Mwalimu mkuu amekaa pale. Mzazi aliyemtoa binti shule amekaa pale. Wameona, wameonekana wakiona, na sasa zamu ya kusema ni yao. Mbinu hii haidhani kwamba mwalimu hakujua choo cha wasichana hakina mlango. Inajua kwamba alijua. Inampangia kiti ambapo kujua kwake kunadaiwa jibu.

Ndiyo maana naumia nikiona igizo la namna hii likifanywa kwenye uzinduzi wa miradi bila mjadala. Wasichana wanaigiza mimba za utotoni kwa dakika 10, mgeni rasmi anatoa hotuba, anasema ameguswa, anatoa bahasha. Bahasha hiyo kwa Kiswahili cha kila siku inaitwa kifuta jasho. Neno lile lile la mkulima aliyeliwa mahindi na tembo. Katika pande zote mbili mtu ameonyesha kilichompata, amelipwa kidogo kwa kuonyesha, na aliyeonyeshwa ameondoka bila swali.

Na sisi tunaoandika kuhusu maisha halisi? Aina yetu ya uandishi imejaa insha za safari. Mwandishi anashuka stendi ya Mikumi, anamkuta mama anauza ndizi. Tunaambiwa kuhusu miguu ya mama yule, kanga yake iliyochakaa, tabasamu lake ambalo halikufutwa na shida. Tunaambiwa anapata shilingi ngapi kwa siku. Hatuambiwi mwandishi alilipwa shilingi ngapi kwa safari ile, nani alimlipia nauli, na kwa nini yeye ndiye amepanda gari linaloondoka. Mara nyingi insha hizo zimeandikwa vizuri na kwa upendo. Kasoro yake ni ya hesabu. Upande mmoja wa daftari umejazwa, wa pili mtupu. Halafu tunaita hiyo kazi "kuwa sauti ya wasio na sauti", wakati mama yule amekuwa akipaza sauti tangu alfajiri, ndizi, ndizi, na wote garini tumemsikia.

Nikidai hesabu kwa wengine, itakuwa ajabu nisitoe yangu. Babu yangu mzaa mama alijifunza kusoma kwa wamisionari. Kwa sababu alijua kusoma, akawa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba. Manamba walikuwa na kipande, kadi ambayo siku walizofanya kazi ziliandikwa mpaka zitimie 30 ndipo walipwe. Aliyeandika alikuwa karani. Yeye hakukata mkonge, hakuchomwa na miiba yake, na mshahara wake haukutegemea kipande. Aliwasomesha watoto. Mama akawa mwalimu. Nyumbani kwetu mwisho wa mwezi ulikuwa na maana, kulikuwa na taa ya kusomea, na aliyefika sekondari hakushangiliwa maana ilitarajiwa. Wajukuu wa waliokuwa wakisimama foleni mbele ya meza ya babu bado wako Kimamba na Rudewa, na baadhi yao nilisoma nao shule ya msingi. Tofauti kati yangu nao ina meza, kalamu na kadi. Nikiiita bahati nitakuwa ninamdanganya msomaji.

Simulizi hiyo haina mwizi na haimtaki mtu aombe radhi. Ndiyo sababu inasaidia. Mazungumzo ya kukosa usawa hukwama haraka kwa sababu mwenye nafuu anadhani anaitwa mwovu, anajitetea kwamba naye alihangaika, na kweli alihangaika. Mama yangu alihangaika sana. Lakini swali halikuwa kama mtu alihangaika. Swali ni alihangaika akiwa amesimama wapi. Mtu akijibu hilo kwa majina ya mahali, kazi na kiasi cha fedha, mwenzake aliyekulia upande wa pili wa meza anapata kitu cha kushika, anaweza kusema hapana, haikuwa hivyo, au anaweza kuongeza asichokijua msimulizi. Hapo ndipo watu wawili wanaanza kuzungumza. Kabla ya hapo mmoja anatoa ushuhuda na mwingine anasikitika.

Kuna watakaosema kwamba hesabu za watu binafsi hazitamrudishia mtu shamba Rudewa wala kubadilisha kanuni za kifuta jasho. Ni kweli, hizo ni kazi za sheria na siasa. Lakini sheria huandikwa kwa maneno, na bungeni huingia maneno yaliyokwisha kuzoeleka mitaani. Tukizoea kusema mgogoro wa wakulima na wafugaji, tutatungiwa sera ya wakulima na wafugaji. Tukizoea kutaja na mwenye hati, na ofisa, na mwenye ng'ombe, na karani, itakuwa vigumu zaidi kwa anayetunga kanuni kuwaacha nje.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, ikitoboa milima kwa mahandaki kuelekea Dodoma. Waandishi wengi wataiandika, na wanapaswa kuiandika, maana madirisha yake ni makubwa na nchi ni nzuri. Ombi langu kwa watakaofanya hivyo ni dogo. Kabla ya kumweleza mtu aliyesimama shambani akiitazama treni, andika aya moja kuhusu kiti ulichokalia: tiketi iligharimu kiasi gani, fedha ilitoka wapi, na katika ukoo wako nani alikuwa wa kwanza kushika kalamu, na aliyeandikwa na kalamu hiyo alikuwa nani.